Duka Letu, au Tumepanga?

Zilikuwa zimebaki siku 9 kabla ya mwandamo wa mwezi wa Ramadhani pale duka la mtandaoni la akina mama wa msikiti wetu, hapa Tanga, lilipofungwa. Aliyelifungua asubuhi ile ili atazame maagizo alikuta ukurasa mweupe wenye sentensi moja ya Kiingereza. Picha za kofia, bei, majina ya wateja wa miaka 2 na namba zao za simu, vyote havikuonekana tena.

Sababu yenyewe ilikuwa ndogo mno. Duka lile tulilikodi kwa kampuni moja ya ng'ambo kwa ada ya dola kila mwezi, na ada hiyo ilikatwa katika kadi ya benki ya kijana mmoja aliyetusaidia kuanza. Kadi ikaisha muda wake naye yuko masomoni mbali. Onyo likapelekwa kwenye anwani ya barua pepe ambayo hakuna aliyekuwa akiifungua. Hatujitoi lawamani. Lakini tulipoandika kuomba walau orodha ya wateja wetu, jibu lilikuja baada ya Idi, nalo likasema kwamba kumbukumbu zote zimekwisha kufutwa kwa mujibu wa mkataba. Mkataba huo tulikuwa tumeukubali bila ya kuusoma.

Wanawake 14 walikuwa wakishona kofia za mkono tangu mwezi wa Maulidi, na kofia moja ya aina hiyo yaweza kumshughulisha mshonaji mwezi mzima. Nyingi ziliuzwa mtaani kwa bei ya kuponea, nyingine zikabaki kabatini. Baadhi ya kina mama hao ni wajane, na fedha ile ndiyo waliyoitegemea kwa ada za shule.

Mfunguo Mosi tulikaa nao. Mkubwa wao kwa umri, ambaye sote humwita Bibi, alisikiliza maelezo yetu marefu kuhusu kadi na barua pepe, kisha akauliza: "Ustadhi, lile duka lilikuwa letu, au tulipanga?" Tukamjibu kwamba tulipanga. "Basi safari hii tujenge," akasema, akarudi kwenye sindano yake.

Kujenga katika mambo haya maana yake ni kutumia programu huria. Kila programu ya kompyuta huanza kama maandishi ya mwanadamu, yaitwayo msimbo. Kampuni nyingi huyaficha maandishi hayo. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza kazi ya kutengeneza programu ambazo maandishi yake yako wazi, na mwaka 1989 ikatoka leseni iitwayo GPL. Mwenye kupokea programu chini ya leseni hiyo anaruhusiwa kuitumia kwa kazi yoyote, kuusoma msimbo wake na kuubadili, kuinakili na kumpa mwingine, kwa sharti kwamba akiigawa aigawe kwa ruhusa zile zile alizozipata yeye.

Mama mweka hazina alidhani huria maana yake bure. Ilibidi tumweleze polepole, kwa kuwa ndiye mwenye ufunguo wa kasha. Programu haiuzwi, lakini jina la tovuti lenye mwisho wa .co.tz hulipiwa kila mwaka, na nafasi kwenye seva hulipiwa, na fundi naye ana watoto. Tulimwambia kwamba kiwanja tutaendelea kukikodi, ila nyumba itakuwa yetu na tunaweza kuihamisha na kila kilichomo. Na paa likivuja, tutaliziba wenyewe. Jambo hili la mwisho aliliandika katika daftari lake na kulipigia mstari.

Tofauti hiyo si maneno matupu. Programu ya Magento ilitolewa mwaka 2008, na mwaka 2018 ikanunuliwa na Adobe kwa dola bilioni 1.68. Mwezi Juni 2020 huduma kwa toleo lake la kwanza ilisitishwa, na wenye maduka waliokuwa wakilitumia wakatakiwa wahamie toleo la pili, kuhama ambako kwa wengi kulikuwa sawa na kujenga upya. Lau msimbo ungekuwa wa siri, habari ingeishia hapo. Kwa kuwa ulikuwa wazi, mafundi waliolitaka toleo la zamani waliuchukua na kuendelea kuziba nyufa zake kwa jina la OpenMage. Mwenye nyumba alipoondoka, wapangaji hawakutolewa nje.

Hata hivyo Magento haikutufaa. Inataka seva yenye nguvu na programu nyingine ya kando kwa ajili ya utafutaji. Kwetu ingekuwa kama kukodi lori kubebea kikapu kimoja cha ndimu. Kijana wetu wa kompyuta alizijaribu nyingine 3 kwenye kompyuta yake mpakato kwa muda wa wiki 3. PrestaShop, iliyoanzia Ufaransa mwaka 2007, ni duka kamili tangu mlangoni, ila nyongeza zake nyingi huuzwa, na kwa bei ya yuro. OpenCart ni nyepesi, na seva ya bei ndogo huiweza. Kijana aliipenda kuliko zote. WooCommerce haisimami peke yake, bali hukaa juu ya WordPress, ile programu ya kutengenezea tovuti. Ilitoka mwaka 2011, nayo yenyewe ilianza kwa watu kuichukua programu ya wenzao iitwayo Jigoshop na kuiendeleza, kama leseni inavyoruhusu.

Tuliacha kuulizana ipi nzuri zaidi. Tukauliza: kijana huyu akipata kazi Dodoma kesho, nani atakuja kulitengeneza? Tukahesabu. Wanaoijua WordPress hapa mjini, kwa sababu wamezitengenezea shule na maduka tovuti zao, tuliwapata 6. Anayeijua OpenCart tulimpata 1, naye yuko Dar es Salaam. Tukachukua WooCommerce, na kijana, kwa adabu yake, hakununa.

Maneno ya kitufe cha kununua yalikuwa ya Kiingereza, na programu huria huruhusu kuyabadili. Wengi walitaka "Weka kikapuni". Bibi alishikilia "pakacha", akidai kwamba kikapu ni cha sokoni na pakacha ndilo la kupelekea zawadi. Alishindwa kwa kura 2.

Tatizo lililotushughulisha zaidi lilikuwa la kofia zenyewe. Kofia ya mkono ni moja, haina pacha. Ikiuzwa kwa watu 2, mmoja wao amedanganywa. Kwa malipo tulichukua njia ya uhamisho wa benki iliyomo ndani ya programu, tukaibadili maelezo yake ili mnunuzi aoneshwe Lipa Namba ya kikundi. Ikafanya kazi. Baada ya wiki tukagundua kwamba mtu akiagiza kwa njia hiyo, kofia huondolewa sokoni papo hapo, hata kama hajalipa, na programu haimwachishi mpaka mwanadamu aifute agizo kwa mkono. Kofia 5 zilikuwa zimefungiwa hivyo na watu waliokuwa wakijaribu tu. Sasa tangazo liko wazi kwenye ukurasa wa malipo: asiyelipa hadi Isha ya siku ya pili, agizo lake linafutwa.

Zipo programu ndogo za kuongezea, ambazo mafundi huziita plagini, za kuunganisha duka na malipo ya simu ili kila kitu kijiendeshe. Bado hatujaziweka. Kila plagini ni mlango mmoja zaidi katika nyumba, na isiposasishwa ndipo mwizi apitiapo. Nyingine tulizikataa kwa sababu tofauti. Ipo ya kuonesha saa inayohesabu kurudi nyuma, ilhali ikifika sifuri huanza upya. Ipo ya kutangaza kwamba mtu fulani wa mji fulani amenunua sasa hivi, na mtu huyo hayupo. Hiyo ni ghishi. Haihitaji fatwa.

Majina na namba za wateja ni amana, na kwa Tanzania pia ni jambo la kisheria tangu ilipotungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Duka likiwa letu, dhima nayo ni yetu. Nywila kuu zimo katika bahasha iliyofungwa ndani ya kasha la kamati, na anwani ya barua pepe ya duka husomwa na watu 3.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi kijana huchukua nakala ya duka zima na kulisimamisha upya kwenye kompyuta nyingine isiyounganishwa na intaneti. Mara ya kwanza duka liliinuka likiwa na majina na bei zote, lakini pale penye picha pakawa na miraba mitupu: alikuwa amenakili hifadhidata peke yake, na picha hukaa katika kabrasha lingine. Mara ya pili alinakili vyote. Bibi aliomba aoneshwe kofia yake, akaisogelea skrini, akahesabu vitobo vya ukingoni kwa kidole, kisha akasema kwamba bei imeandikwa pungufu kwa shilingi 5,000. Tulipofungua daftari la mweka hazina tukaona kweli.