Watumiaji wakipunguka gafula, anzia wapi?

Wandugu na wadada, wengi kati yenu mutaingia kazi ya programu, na siku moja mukubwa wa kazi atauliza: "Juu ya nini watu wameacha kutumia hii sehemu?" Mimi nafanya hiyo kazi ya hesabu, na kila mara nafuata njia hii.

Kwanza, nachunguza kipimo chenyewe. Pengine watu wangali wanatumia, ni kuhesabu njo kumekatika.

Pili, naangalia kalenda: likizo, siku kuu, ao intaneti kukatwa. Kwetu Kongo, kisha uchaguzi wa 30 Desemba 2018, intaneti ilikatwa karibu siku 20. Mutu wa mbali akiona grafu tu, angesema wateja wamekimbia.

Tatu, nagawanya. Tuseme tumetoka watu 1.000 mpaka 600. Hao 400 ni nani? Kama wote wako na Android yenye toleo jipya la programu, natafuta kasoro ndani ya toleo. Kama wapya wanaingia sawa lakini wa zamani hawarudi, naangalia kama ujumbe wa kuwakumbusha ungali unatumwa.

Mwisho, napigia simu watumiaji watatu ao wane. Hesabu inaonyesha pahali, lakini watu njo wanasema sababu.

Musikubali mbio "watu hawaipendi tena." Kwa neno hilo tu, sehemu inaweza kufutwa, na mama muuzaji anaitegemea kila siku, kumbe kifungo kimoja njo kimeharibika.