Usonji: Mzigo wa Lawama na Wajibu wa Usharika

Katika Injili ya Yohana sura ya 9, wanafunzi walipomwona mtu asiyeona tangu kuzaliwa, walitafuta mwenye dhambi: ni yeye au wazazi wake? Bwana alizikataa hoja zote mbili. Hata hivyo, familia zinazolea mtoto mwenye usonji zingali zinaulizwa swali hilo.

Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni. Mtoto aweza kuchelewa kusema au asiseme kabisa, akakwepa kutazamana na watu, akarudiarudia tendo lile lile, na kuteswa na sauti ambazo wengine hawazijali. Daktari Leo Kanner aliandika juu ya watoto 11 wa namna hii nchini Marekani mwaka 1943. Baadaye baadhi ya wataalamu waliwalaumu akina mama. Bruno Bettelheim alieneza dhana hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1967. Lakini uchunguzi wa mapacha uliofanywa Uingereza na Susan Folstein na Michael Rutter mwaka 1977 ulionyesha nguvu ya maumbile ya kurithi. Na urithi si kosa la mtu. Usonji hauletwi na malezi mabaya, wala laana, wala uchawi.

Lawama hufanya mtoto afichwe ndani na mama aachwe peke yake. Familia nyingi humudu malezi kwa kushika ratiba isiyobadilika-badilika, kumwonyesha mtoto kwa picha jambo linalofuata, kupokezana zamu, na kuwaeleza ndugu zake ukweli mapema. Kinachowalemea ni uchovu usio na mapumziko.

Hapo ndipo usharika unapohusika. Kwanza, mchungaji aende kusikiliza, wala asimkemee mtoto kana kwamba ana pepo. Ikiwa mtoto ana kifafa pia, asiachishwe dawa kwa ajili ya maombi. Pili, wazee wa kanisa wateue washarika wachache wamzoee mtoto polepole, ili wazazi wapate saa za kupumzika. Tatu, ibadani familia ipewe nafasi karibu na mlango, vipaza sauti vipunguzwe, na mtoto akipiga kelele watu wasigeuze shingo.

Sisi Walutheri hubatiza watoto wachanga wasioweza kutamka neno, tukikiri kwamba neema hutangulia ufahamu. Tuliyoyakiri penye maji ya Ubatizo tusiyakane mtoto huyo anapofikia umri wa kipaimara akiwa bado hasemi.