Jeki Haijui Ndama Amekaaje

Swali ninaloulizwa na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, msimu baada ya msimu, ni lile lile: "Daktari, ile jeki ya kuvutia ndama inapatikana wapi?" Wengine huuliza wanaume wangapi wanatosha kuvuta, na wapo wanaotaka kujua kama pikipiki inafaa. Maswali yote haya yana kosa moja. Anayeuliza ameshaamua kwamba ndama amekwama kwa kukosa nguvu, hivyo dawa yake ni kuongeza nguvu. Imani hiyo inaua ndama na kulemaza ng'ombe, na imevumiliwa mno.

Tuangalie ndama hukwama kwa nini. Kichwa kimegeukia ubavuni. Mguu umekunjika gotini. Ndama anakuja kinyumenyume, unachogusa ni mkia tu, miguu yote imebaki ndani. Mfuko wa uzazi umejisokota. Ng'ombe ameishiwa kalsiamu, misuli imelegea na haisukumi. Au ndama ni mkubwa kuliko nafasi ya nyonga. Katika orodha hiyo, ni tatizo lipi linaloondoka kwa kuvuta? Hata la mwisho huondoka pale tu tofauti inapokuwa ndogo. Ikiwa kubwa, njia ni upasuaji. Kitanda kikikwama mlangoni hatuiti vijana wakisukume mpaka ukuta ubomoke, tunakigeuza.

Kesi ya kawaida ni hii. Miguu miwili ya mbele iko nje, kichwa hakionekani. Vijana wanafunga kamba ya katani na kuvuta. Kumbe kichwa kimelala ubavuni, pua imeelekea nyuma. Kila wanapovuta, kifua kinaingia zaidi kwenye nyonga na shingo inazidi kujikunja. Dawa yake ni kinyume kabisa cha kuvuta: ndama arudishwe ndani taratibu wakati ng'ombe amepumzika, kichwa kiletwe mbele, pua ikifunikwa kwa kiganja ili meno yasichane mfuko. Kikishakaa sawa, mara nyingi watu wawili wanatosha.

Sasa hesabu ya nguvu. Msukumo wa ng'ombe mwenyewe hukadiriwa kuwa takriban kilo 70. Jeki inayokazwa na mtu mmoja inaweza kufika kilo 400. Trekta ni tani kadhaa, na pikipiki huondoka kwa kushtua, jambo baya kuliko yote. Nguvu hiyo ikikosa pa kumpitisha ndama, haipotei. Inavunja mbavu na miguu yake. Inachana njia ya uzazi. Inaminya mishipa ya fahamu inayopita kwenye nyonga, na ng'ombe aliyelala chini kuzaa hasimami tena. Mfugaji husema, "Amechoka tu, kesho ataamka." Hajachoka, ameumizwa.

Jeki yenyewe ni chuma kirefu kinachoegemezwa nyuma ya mapaja ya ng'ombe, chenye kikamatio kinachopanda jino kwa jino kikivuta minyororo iliyofungwa miguuni mwa ndama. Ni kifaa kizuri mikononi mwa mtu aliyefundishwa. Hatari yake ni kwamba aliyeshika kamba anausikia ukinzani mikononi, lakini aliyeshika mpini wa jeki hausikii ipasavyo, kwa sababu meno ya chuma yamebeba mzigo. Tena jeki haimsubiri ng'ombe akaze. Inaendelea kuvuta hata anapopumzika.

Kuna ndugu wawili wa imani hii. Wa kwanza ni sindano ya oksitosini kutoka duka la dawa za mifugo, "ya kuongeza uchungu". Ukimchoma ng'ombe ambaye ndama wake amekaa vibaya, unaulazimisha mfuko kusukuma mlango uliofungwa, nao unaweza kupasuka. Wa pili ni sabuni ya unga ya kufulia, ati ya kulainisha. Inaondoa utelezi wa asili na kuunguza ngozi laini ya ndani. Tumia mafuta safi ya kupikia au vaselini, na kwa wingi.

Cha kufanya ni hiki. Chupa ya maji ikipasuka au kwato zikionekana, tazama saa. Nusu saa bila maendeleo kwa ng'ombe aliyewahi kuzaa, saa moja kwa mtamba, piga simu. Osha ng'ombe na mikono, vaa glavu ndefu mpaka begani; homa ya kutupa mimba na Homa ya Bonde la Ufa huambukiza watu kupitia maji na damu ya uzazi. Papasa mguu kutoka kwatoni kwenda juu: viungo viwili vya kwanza vikikunjika upande mmoja, ni wa mbele, vikikunjika kwa kupingana, ni wa nyuma. Ufuate mpaka kifuani, uhakikishe hushiki miguu ya mapacha wawili. Kama miguu miwili na kichwa vimekaa sawa, funga kamba safi juu ya kifundo na uipitishe tena chini yake. Mlaze ng'ombe ubavu wa kulia. Vuta anapokaza, pumzika anapopumzika, mguu mmoja mmoja kwa zamu. Vifundo vikitoka nje kwa upana wa kiganja, mabega yameshapita nyonga. Kifua kikitoka, mgeuze ndama robo mzunguko, uvute kuelekea chini. Watu wawili wakishindwa, acha.

Kinga ni nafuu kuliko yote haya. Usimpandishe mtamba kabla hajafikia asilimia 60 hadi 65 ya uzito wa ng'ombe mzima wa aina yake. Mwombe mhimilishaji mbegu ya dume ambaye ndama wake huzaliwa kwa urahisi. Ndama wa Jersey huzaliwa na kilo zipatazo 25, wa Friesian zipatazo 40, na tofauti hiyo ndiyo inayopita au kukwama usiku wa manane.

Kwa hiyo fedha uliyotenga kununua jeki, itumie kumlisha mtamba, kununua glavu, kamba mbili safi na chupa ya mafuta, na ibaki ya kumlipa daktari. Andika namba yake ukutani bandani leo. Ndama aliyekaa vibaya hatolewi kwa nguvu. Awekwe sawa kwanza, au apasuliwe mama yake na mtu mwenye leseni.