Kipa wa Banja Luka

Kwenye mpira wa mikono, kipa havai glovu. Goli lake lina upana wa mita 3 na kimo cha mita 2, na penalti hupigwa kutoka mita 7. Ukisubiri kuuona mpira umeshachelewa. Kwa hiyo kipa hutanua mikono na miguu, akaziba anapoweza, na kwingine kote humsoma mrushaji: bega limeelekea wapi, kiwiko kimepanda kiasi gani.

Abas Arslanagić aliifanya kazi hiyo Bosnia, wakati huo sehemu ya Yugoslavia, kwenye lango la klabu ya Borac ya Banja Luka, mji ulio kando ya mto Vrbas. Oktoba 1969 mji huo ulikumbwa na tetemeko la ardhi lililoangusha majumba mengi. Miaka mitatu baadaye, Arslanagić na mwenzake wa Borac, Milorad Karalić, walikuwa kwenye Olimpiki ya Munich na timu ya taifa ya Yugoslavia.

Mpira wa mikono ulikuwa umeshindaniwa medali za Olimpiki mara moja tu, mwaka 1936, ukichezwa kwenye nyasi, watu 11 kila upande. Munich ulirudi ukiwa ndani ya ukumbi, saba kwa saba. Yugoslavia ikaifunga Czechoslovakia 21-16 kwenye fainali na kuondoka na dhahabu.

Borac nayo haikukaa kinyonge. Mwaka 1975 ilifika fainali ya Kombe la Ulaya ikafungwa na Gummersbach ya Ujerumani Magharibi. Mwaka uliofuata ilirudi palepale, ikaichapa Fredericia ya Denmark 17-15, na kombe likaenda Banja Luka.

Kikosi kile cha Munich, chini ya kocha Vlado Stenzel, kiligeuka kitalu cha makocha. Branislav Pokrajac aliiongoza Yugoslavia kutwaa dhahabu ya Olimpiki ya Los Angeles 1984. Zoran Živković, aliyegawana lango na Arslanagić, akaipa ubingwa wa dunia 1986. Zamu ya tatu ikamwangukia Arslanagić mwenyewe.

Huenda si ajabu kwamba wawili kati yao walikuwa makipa. Kipa ndiye anayeutazama uwanja wote ukiwa mbele yake dakika 60 nzima; huona ukuta wa mabeki unapopasuka kabla beki mwenyewe hajajua.

Kwenye Olimpiki ya Seoul 1988, timu ya Arslanagić ilikosa fainali, lakini ikaishinda Hungary 27-23 na kupata shaba. Miaka michache baadaye Yugoslavia ilisambaratika vitani, na Bosnia ikaumia kuliko wengi. Shaba ile ikawa medali ya mwisho ya Olimpiki ya Yugoslavia katika mpira wa mikono. Ya kwanza ilipopatikana, Arslanagić alikuwa golini. Ya mwisho ilimkuta kwenye benchi.