Fahamu: Kwa nini lafudhi ya nyumbani hutuliza na kushawishi

Mjini Kalemie, Kongo (DRC), ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, unaweza kusikia "mutoto" na "batu". Ng'ambo, Kigoma nchini Tanzania, husemwa "mtoto" na "watu". Maana ni ileile, ila sikio halipokei vilevile.

Kwa nini?
Lafudhi tuliyoizoea haituchoshi. Mwaka 2010, watafiti Shiri Lev-Ari na Boaz Keysar wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha kwamba kauli ikisemwa kwa lafudhi ngeni huaminiwa kwa kiwango cha chini, kwa kuwa kuielewa kunahitaji jitihada.

Na usemaji?
Mwendo wa pole na kituo mahali pake humpa msikilizaji nafasi ya kupumua na kuelewa.

Redioni je?
Radio Okapi ya Kongo (DRC), iliyoanza Februari 2002, hutangaza kwa Kifaransa na lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwamo. Taarifa ya amani au ya kipindupindu hugusa zaidi ikifika kwa lugha ya nyumbani.

Tahadhari
Mchochezi naye ana lafudhi ya nyumbani. Sauti tamu si ushahidi. Kabla hujaamini, uliza: nani kasema, na amejuaje?