Umehama Kampuni ya Intaneti na Kasi Imeshuka? Pima Kabla ya Kulipa Zaidi

Mkazi wa Nyeri, Karatina, Othaya au Naro Moru, sawa na jirani yake wa Nanyuki, Kerugoya au Embu, leo anaweza kuchagua kati ya njia kadhaa za kupata intaneti nyumbani, kutegemea mtaa anakoishi. Kuna faiba inayopitishwa kwenye nguzo, antena ya redio inayoelekezwa kwenye mnara, ruta inayotumia laini ya simu, na setilaiti. Kwa hivyo familia isiyoridhika na kampuni moja huhamia nyingine.

Lakini kuhama si dawa ya kila tatizo. Mara kwa mara wananchi hulalamika kwamba kampuni mpya iliahidi kasi kubwa zaidi, siku ya kwanza mambo yakawa mazuri, kisha baada ya wiki mbili video zikaanza kukwama na mikutano ya mtandaoni kukatika. Mzazi anashindwa kukamilisha ombi kwenye eCitizen, mwanafunzi wa chuo anakesha akingoja kazi yake ipakiwe, na anayejipatia riziki kwa kazi za mtandaoni anapoteza mteja. Wengi huamua kulipia kifurushi kikubwa zaidi, au kuhama tena.

Kabla ya kutoa pesa zaidi, pima. Vipimo vichache vitakuonyesha kama tatizo liko ndani ya nyumba, ambako mara nyingi unaweza kulirekebisha mwenyewe bila gharama, au liko kwa kampuni, ambayo ina wajibu wa kulirekebisha.

Kwanza, jua ulichonunua

Soma mkataba au ujumbe uliotumiwa ulipojiunga. Tafuta kasi ya kupakua, kasi ya kupakia, na masharti ya matumizi. Baadhi ya vifurushi vinavyoitwa "bila kikomo" vina kiwango ambacho ukikipita ndani ya mwezi, kasi hupunguzwa hadi mwezi mpya uanze. Kama intaneti yako huwa nzuri tarehe za mwanzo na mbaya tarehe za mwisho, anza kuangalia hapo. Tazama pia neno "hadi". Kifurushi cha "hadi Mbps 20" kinataja kiwango cha juu, hakisemi utapata 20 kila dakika.

Herufi nazo huchanganya. Mbps ni megabiti kwa sekunde, ilhali ukubwa wa faili hupimwa kwa megabaiti, yaani MB. Baiti moja ni biti nane. Kwa hivyo laini ya Mbps 20 inapakua takriban MB 2.5 kwa sekunde, na faili ya MB 1,000 itachukua karibu dakika saba. Anayeona "MB 2.5" kwenye tarakilishi yake akadhani ameibiwa, huenda anapata kila alicholipia.

Kipimo cha kwanza ni cha waya

Chukua laptopu yenye tundu la waya wa mtandao, iunganishe moja kwa moja kwenye ruta ya kampuni mpya, na uzime waifai kwenye laptopu hiyo. Kama una programu ya VPN, izime pia. Waombe wengine nyumbani wasimamishe televisheni na simu kwa muda mfupi. Kisha fungua tovuti ya kupima kasi, kama vile Speedtest au Fast.com, na upime mara tatu. Andika matokeo ya kupakua na ya kupakia, pamoja na saa.

Kipimo hiki ndicho hutenganisha mambo. Ukipata kasi iliyo karibu na uliyolipia, laini inayoingia nyumbani ni nzima na shida iko kwenye waifai au vifaa vyako. Ukipata kasi ndogo hata kwa waya, asubuhi na jioni, shida huenda iko kwa kampuni au kwenye laini yenyewe. Sababu moja wakati wa kuhama ni kwamba akaunti mpya haikuwekewa kifurushi ulichochagua. Fundi alifunga kifaa vizuri, lakini kwenye mitambo ya kampuni umesajiliwa kwa kiwango cha chini. Piga simu uulize: "Akaunti yangu imewekwa kwenye kasi gani?" Wanaweza kuliona na kulirekebisha bila kumtuma fundi.

Kuna dalili nyingine inayofaa kujulikana na wenye vifurushi vikubwa. Kama umelipia zaidi ya Mbps 100 lakini kwa waya hupati zaidi ya 94 au 95, uchunguze waya huo kwanza. Ndani yake kuna nyuzi nane, na kama ni wa zamani au uzi mmoja umekatika, kiungo hushuka hadi kiwango cha Mbps 100. Badilisha waya kabla ya kuilaumu kampuni. Tundu la laptopu ya zamani pia linaweza kuwa na kikomo hicho hicho.

Waifai: kuta za mawe, mabati na mahali pa ruta

Fundi kwa kawaida huweka ruta pale waya unapoingilia, kwa kuwa hapo ndipo kazi inapoisha haraka. Pengine ruta ya zamani ilikuwa katikati ya sebule, na mpya imewekwa kwenye kona karibu na dirisha la mbele, nyuma ya televisheni, au ndani ya kabati. Nyumba nyingi za huku kwetu zimejengwa kwa mawe, na mawe mazito hupunguza nguvu ya mawimbi. Mabati huyarudisha nyuma kabisa. Anayetarajia waifai ipenye kutoka nyumba kubwa hadi jikoni la mabati uani anategemea kitu kigumu.

Chukua mfano wa nyumba ya vyumba vitatu yenye kifurushi cha Mbps 20. Kwa waya inapata 19, kwa waifai sebuleni 18, na katika chumba cha mwisho 3. Familia hiyo ikipandisha kifurushi hadi Mbps 40, chumba cha mwisho huenda kikabaki na zile 3, kwa sababu kinachozuia ni ukuta. Dawa yake ni kuhamisha ruta hadi katikati ya nyumba, mahali palipoinuka na pa wazi, au kupitisha waya hadi chumba cha mbali na kuweka kifaa cha pili cha waifai huko.

Ruta nyingi za sasa hutoa mawimbi ya aina mbili. Yale ya gigahazi 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini ni ya polepole na hugongana na ya majirani. Yale ya gigahazi 5 yana kasi kubwa lakini huchoka haraka njiani. Ukiwa karibu na ruta tumia 5, na ukiwa mbali tumia 2.4. Kwa wanaoishi kwenye fleti, ambako ruta za nyumba nyingi zinarusha mawimbi kwa pamoja, ingia kwenye mipangilio ya ruta ujaribu chaneli 1, 6 au 11 ya gigahazi 2.4, na ubaki na ile inayokupa matokeo bora.

Mabaki ya kampuni ya zamani

Hapa ndipo waliohama wanapaswa kuangalia kwa makini zaidi. Kagua mambo haya:

1. Ruta ya zamani bado imewashwa. Kama laini yake haijakatwa, simu zinaweza kuendelea kujiunga nayo zenyewe. Izime, kisha ufute jina lake kwenye kila simu na televisheni.

2. Ruta mbili zimeunganishwa moja nyuma ya nyingine. Watu huunganisha ruta yao ya zamani kwenye mpya ili wasibadilishe nenosiri. Data basi hupita milango miwili, na baadhi ya michezo, kamera na simu za video husumbuka. Kama unaihitaji ruta ya pili ili kusambaza waifai, mwombe fundi aiweke iwe kifaa cha kusambaza tu.

3. Vifaa vya kuongeza waifai bado vinatafuta jina la zamani, au ni vya miaka mingi na haviwezi kubeba kasi mpya.

4. Malipo yanaenda pasipofaa. Nambari ya akaunti ya kampuni mpya si ile ya zamani. Ukiendelea kulipa kupitia M-Pesa kwa nambari uliyoizoea, au benki ikiendelea kukata pesa kila mwezi, unalipia huduma usiyoitumia huku mpya ikisitishwa. Funga akaunti ya zamani kwa maandishi, rudisha vifaa ambavyo si vyako, na udai risiti.

5. Simu na tarakilishi zinajaza pengo. Baada ya kupata laini isiyo na kikomo, huanza kupakia picha zote na kupakua masasisho, na kamera za usalama hutuma video usiku na mchana. Kasi ya kupakia ikijaa, hata kupakua hulegea. Acha kazi hizo ziendelee usiku wa manane.

Asubuhi safi, jioni nzito

Pima kwa waya saa kumi na mbili asubuhi, saa saba mchana, na saa mbili usiku, kwa siku tatu. Kama kasi ni nzuri asubuhi na huporomoka kila jioni, ni msongamano. Faiba ya nyumbani hugawanywa. Uzi mmoja unaweza kuhudumia nyumba 32 au 64. Mnara wa simu nao hugawiwa kila aliye karibu nao. Setilaiti pia ina mipaka: Starlink ilianza huduma Kenya Julai 2023, na kufikia Novemba 2024 ilikuwa imesitisha kwa muda kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti kadhaa za jirani kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa. Msongamano hautatuliwi na mteja. Ni kazi ya kampuni kuongeza uwezo, na rekodi yako ya siku tatu ndiyo ushahidi.

Nje ya nyumba

Kama ni faiba, tazama taa za kifaa. Taa iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki, na hakuna utakachofanya ndani ya nyumba isipokuwa kupiga simu. Uzi wa faiba uliopindwa sana mlangoni au kubanwa na kabati hupoteza mwanga. Usiukate, usiufungue, na usichungulie ncha yake, kwa kuwa mwanga wake hauonekani lakini unaweza kudhuru jicho.

Kama ni antena ya redio, inahitaji kuuona mnara. Katika nchi yetu ya matuta na mabonde, mstari wa mikaratusi uliokua tangu antena ifungwe unatosha kuharibu kila kitu, na upepo unaweza kuigeuza kidogo tu ikapoteza shabaha. Dishi la setilaiti linahitaji anga wazi. Programu yake ya simu huonyesha kizuizi kilipo. Kwa ruta ya laini ya simu, isogeze karibu na dirisha linaloelekea mnara, kisha upime tena.

Mwisho, tofautisha intaneti nzito na tovuti moja nzito. Kama ukurasa mmoja tu haufunguki, huenda shida iko kwa wenye ukurasa. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika, na intaneti ikawa nzito Afrika Mashariki. Siku kama hiyo, kuhama kampuni au kubadilisha ruta huenda kusikusaidie.

Ukilalamika, lalamika kwa rekodi

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata huduma za ubora unaofaa, pamoja na habari anazohitaji ili anufaike nazo. Kanuni za 2010 za kulinda watumiaji wa huduma za mawasiliano nazo zinamtaka mwenye leseni awe na utaratibu wa kushughulikia malalamiko.

Anza na kampuni yako. Usiseme tu kwamba "mtandao ni mbaya". Sema: "Nimelipia Mbps 20. Nimepima kwa waya mara tisa kwa siku tatu, na jioni sipati zaidi ya 5." Ambatisha picha za skrini, na uombe nambari ya lalamiko. Iandike pamoja na tarehe na jina la aliyekuhudumia. Fundi akija, mwombe apime kwa waya mbele yako kabla ya kuondoka.

Kampuni isipokusikiliza, peleka lalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ambayo ndiyo hutoa leseni kwa kampuni hizi na ina ofisi ya kanda mjini Nyeri. Beba mkataba, risiti, vipimo na nambari ya lalamiko la awali, kwa kuwa utaulizwa kama ulianza na kampuni.

Na kama bado hujahama, pima laini uliyo nayo leo kwa waya na uandike matokeo. Muulize jirani anayetumia kampuni unayoitaka inakuwaje saa mbili usiku. Kisha usikate laini ya zamani mpaka uwe umeipima mpya kwa wiki nzima.