Maduka makubwa yalifunga, Mangi wa mtaani bado yupo

MAGARI ya kusambaza mikate na soda huanza kuzunguka mitaa ya Dar es Salaam mapema asubuhi, duka hadi duka. Mara nyingi msambazaji haondoki kabla hajahesabu fedha zake. Utaratibu huo wa malipo taslimu unaeleza kwa kiasi kikubwa kwa nini duka la mtaani, ambalo wakazi huliita "kwa Mangi" hata kama mwenyewe hatoki Kilimanjaro, limeendelea kuwepo wakati majina makubwa ya biashara ya rejareja yameingia nchini na kuondoka.

Kumbukumbu za soko zinajieleza. Shoprite ya Afrika Kusini iliuza maduka yake nchini Tanzania kwa Nakumatt ya Kenya mwaka 2014. Uchumi, nayo ya Kenya, ilifunga matawi yake ya Tanzania na Uganda Oktoba 2015. Nakumatt yenyewe, iliyopata kuwa na matawi zaidi ya 60 katika nchi nne za Afrika Mashariki, ilielemewa na madeni na kuwekwa chini ya msimamizi kwa amri ya mahakama jijini Nairobi Januari 2018. Miaka miwili baadaye wadai wake walipiga kura ivunjwe.

Walioumia zaidi katika anguko hilo ni wauzaji waliopeleka bidhaa kwa mkopo wakisubiri hundi ambazo hazikuja.

Mwekezaji mdogo anaweza kuipima hatari hiyo kwa hesabu rahisi. Tuseme mwoka mikate anapeleka mzigo wa shilingi 100,000 kila siku katika duka kubwa linalolipa baada ya siku 60. Kabla ya kupokea malipo ya kwanza, fedha zake zilizolala kwa mteja huyo ni shilingi milioni 6. Akigawa mzigo huo huo kwa maduka 20 ya mtaani, kila moja la shilingi 5,000 taslimu, mtaji wake unarudi jioni ile ile na kesho yake ananunua ngano. Duka moja kati ya hayo likifilisika, hasara yake ni mkate wa siku moja.

Kuliunga mkono duka la mtaani, kwa hiyo, si sadaka. Ni uamuzi wa kibiashara, na unamhusu mlaji kama unavyomhusu msambazaji.

Kituo cha biashara cha mtaa kinafahamika: duka la vyakula, genge la mboga, bucha, mashine ya kusaga, fundi cherehani, saluni, duka la dawa na wakala wa fedha kwa simu. Biashara hizi hutegemeana. Anayefuata unga hupitia nyanya, na anayetoa fedha kwa wakala huziacha nyingine buchani. Moja ikifungwa, wapita njia hupungua kwa zote.

Pengo la kufunga au kutofunga huwa dogo kuliko wengi wanavyodhani. Chukua mfano wa kaya 30 zinazonunua bidhaa za shilingi 2,000 kila siku katika duka moja. Hayo ni mauzo ya shilingi 60,000 kwa siku, au shilingi milioni 1.8 kwa mwezi. Faida ghafi ikiwa shilingi 10 kwa kila 100 ya mauzo, mwenye duka anabaki na shilingi 180,000. Kama kodi ya fremu ni shilingi 100,000 kwa mwezi, kaya hizo 30 zimeilipa na kubakiza fedha ya umeme na usafiri wa mzigo. Zikihamia kwingine, fremu inarudi kwa mwenye nyumba. Ugumu huzidi pale mwenye nyumba anapotaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo.

Mlaji naye ana cha kupoteza. Duka la mtaani humpimia robo kilo ya sukari na mafuta ya kula ya shilingi 500, na mwisho wa mwezi unapokuwa mbali humwandika kwenye daftari. Mwenye kipato cha kila siku hawezi kununua mfuko wa kilo 25 hata kama bei yake kwa kilo ni nafuu.

Nchi imekwisha kuona mtaa bila duka unavyokuwa. Mwaka 1976, katika Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yalitakiwa kuyapisha maduka ya vijiji na ya ushirika. Mengi yalifungwa kabla mbadala haujawa tayari, bidhaa zikaadimika, na operesheni ikalazimika kusitishwa.

Hivi karibuni sheria imeelekea upande wa pili. Julai 2025 serikali ilitangaza amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwamo za rejareja, uwakala wa fedha kwa simu na ukarabati wa simu. Lakini amri huondoa mshindani tu. Haimleti mteja.

Kumleta mteja ni kazi ya mwenye duka. Mizani iliyochezewa humpa faida ya wiki moja na kumnyima mteja wa miaka kumi. Daftari la madeni lisilo na kikomo hula mtaji kimya kimya. Wenye uzoefu huweka kiwango cha mwisho kwa kila kaya na hawakopeshi tena hadi deni la nyuma lilipwe. Wapo pia wanaochanga fedha wakakodi gari moja kwenda kuchukua mzigo wa jumla Kariakoo. Usafiri hupungua, na punguzo la bei huwa rahisi kulidai kwa aliyenunua katoni 40 kuliko kwa aliyenunua mbili.

Kwa mwenye akiba anayetafuta pa kuiweka, duka la mtaani halitamtajirisha haraka. Kabla ya kulipia fremu, ahesabu kaya zinazopita mlangoni asubuhi na jioni, aulize aliyetangulia aliondoka kwa nini, na aangalie kama genge, bucha na mashine ya jirani vina wateja. Vikiwa navyo, mtaa huo bado unanunua kwake wenyewe.